Ibn Khaldun Ugenini: Siku Zake za Mwanzo Mjini Kairo

Siku ya Idi-l-Fitri ya mwaka 784 Hijria, iliyosadifu tarehe 8 Disemba 1382, jahazi iliyotoka Tunis ilitia nanga katika bandari ya Iskandaria baada ya kukaa baharini kiasi cha masiku arubaini. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mtu wa makamo, mwenye umri wa miaka khamsini, aliyekwisha kuwa mwandishi wa masultani, na waziri, na balozi, na mfungwa. Huyo ni Abdul-Rahman bin Muhammad bin Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Litajwapo jina la Ibn Khaldun watu hukumbuka Muqaddima yake, kitabu ambacho wanavyuoni wa Mashariki na wa Magharibi wamekubaliana kukitukuza. Lakini leo hatukukusudia kuzungumza juu ya kitabu. Tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu khabari za mtu mwenyewe, khasa ile miaka mitatu ya kwanza aliyoishi Misri akiwa mgeni, asiye na jamaa wala kabila la kumtetea, akitafuta kazi kisha akaipata, na yaliyomfika baada ya kuipata. Khabari hizi hazitajwi sana. Nasi katika miji yetu hii ya Pwani ni nyumba chache zisizokuwa na mtu wao aliye ng'ambo kwa kazi au kwa masomo, kwa hivyo tunadhani hazitakuwa geni masikioni mwa watu.

Ugeni wenyewe ulikuwa katika ukoo wake tangu zamani. Asili yao ni Hadhramaut, nchi ambayo wengi katika Mombasa, Malindi na Lamu wana damu nayo, na yeye mwenyewe hakuacha kujinasibu kuwa ni al-Hadhrami ijapokuwa wazee wake walikwisha kuhama huko kwa karne nyingi. Walikwenda Andalusia wakakaa katika mji wa Seville, ambao Waarabu wakiuita Ishbilia, wakawa watu wakubwa wa mji huo. Walipoona kuwa Wakristo wanaukaribia waliondoka kabla haujatekwa mwaka 1248, wakavuka bahari, na mwisho wakatulia Tunis. Hapo ndipo alipozaliwa Abdul-Rahman, mwezi mosi Ramadhani 732, yaani tarehe 27 Mei 1332.

Ya ujana wake tutayapita kwa haraka. Alihifadhi Kurani, akasoma fiqhi ya Imam Malik na ilimu nyingine kwa mabingwa wa zama zake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba ikaja ile tauni kubwa iliyoizunguka dunia, ikamchukulia baba yake na mama yake na wengi katika walimu wake. Tangu hapo akaingia katika kazi za masultani: Tunis, kisha Fas, ambako alitiwa gerezani kwa karibu miaka miwili na hakutoka mpaka alipokufa sultani aliyemfunga, mwaka 1358. Mwaka 1362 alikwenda Granada, akapokewa kwa heshima kubwa, na mwaka 1364 sultani wa huko akamtuma kuwa balozi kwa mfalme wa Kikristo aliyekuwa Seville. Mfalme huyo alimtaka akae kwake, na akaahidi kumrudishia mali ya wazee wake waliyoiacha mjini humo. Akakataa. Alitembea katika mji wa babu zake kama mgeni, akarudi kwa aliyemtuma.

Baada ya hapo alitumikia Bijaya na Tilimsani, akajua vitimbi vya nyumba za wafalme kuliko alivyotaka kuvijua, hata mwaka 1375 akakimbilia katika ngome ya Ibn Salama, bara ya nchi ya Algeria ya leo, akakaa huko kiasi cha miaka minne. Ndiko alikoandika Muqaddima, kwa muda wa miezi mitano ya mwaka 1377. Kisha, kwa kuwa alihitaji vitabu vya kusahihishia tarehe zake, akarudi kwao Tunis.

Basi mtu akirudi kwao hudhani amepumzika. Yeye hakupumzika. Wanafunzi walimiminika kwake wakayaacha majilisi ya wengine, na hilo likamchukiza mufti mkubwa wa Tunis, Ibn Arafa, ambaye walisoma pamoja zamani. Maneno yakafikishwa kwa sultani, na sultani akawa anamchukua katika safari zake za vita, pengine kwa kumpenda na pengine kwa kuogopa kumwacha nyuma. Alipoona hali ni hiyo, na katika bandari ipo jahazi ya wafanya biashara inayokwenda Iskandaria, aliomba ruhusa ya kwenda Hija. Sisi hatuna shaka kwamba nia ya Hija ilikuwa ya kweli, kwani baadaye aliitimiza. Lakini pia hatudhani kuwa alisahau jambo moja: ruhusa ya Hija ndiyo ruhusa ambayo sultani Mwislamu huona haya kuikataa. Akaingia jahazini katikati ya Shaabani. Mkewe na watoto wake wakabaki Tunis.

Iskandaria alikaa kiasi cha mwezi mmoja akijitayarisha kwa Hija, lakini mwaka ule haikumuwezekea kwenda. Ndipo akapanda kwenda Kairo, akaingia mwezi mosi Dhul-Kaada, yaani mapema Januari 1383.

Kwa miaka mingi alikuwa akiwauliza mahujaji na wanavyuoni waliorejea Maghribi juu ya mji huu, na kila mmoja alimpa sifa iliyozidi ya mwenzake. Alipouona kwa macho yake aliona kuwa hawakuongeza neno. Lazima tukumbuke zama zenyewe. Baghdad ilikuwa imekwisha kubomolewa na Wamongoli tangu mwaka 1258. Andalusia ilikuwa haikubakia illa Granada na viunga vyake. Kairo ndio mji mkubwa uliosalia kwa Waislamu, nao ulikuwa umejaa watu hata njia zinabana, masoko yamefurika bidhaa, madrasa na khanqa zimepangana, na mto Nili unapita ubavuni pake ukiwaletea watu riziki zao. Mtu aliyezoea miji ya Maghribi, iliyopunguzwa na tauni na vita, aliduwaa.

Wingi wa madrasa hizo una sababu, naye Ibn Khaldun mwenyewe ndiye aliyeieleza katika kitabu chake. Maamiri wa Kituruki waliotawala Misri walikuwa ni mamluki, watu walionunuliwa, na mali zao zilikuwa mashakani siku zote, kwani sultani aliweza kuzichukua wakati wowote, wao wakiwa hai au wamekufa. Basi wakawa wanajenga madrasa na misikiti, wanaziwekea wakfu wa mashamba na maduka, na katika wakfu ule wanawawekea watoto wao usimamizi au fungu. Wengine walifanya kwa kutaka thawabu, wengine kwa kuhifadhi mali, na wengine kwa yote mawili. Ilivyokuwa ni kwamba ilimu ilipata nyumba, na mwalimu mgeni akapata mshahara. Ndiyo sababu wanavyuoni wakija Misri kutoka Irak na kutoka Maghribi.

Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Hazikupita siku nyingi wanafunzi wakamjia wakimtaka awasomeshe, naye akajitoa kwa kusema kuwa bidhaa yake ni chache, lakini hawakumkubalia udhuru. Akakaa kusomesha katika msikiti wa Al-Azhar. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza mjini Kairo.

Hata hivyo kusomesha msikitini si chumo la mtu kuishi nalo, na mgeni hata akiwa na ilimu ya namna gani huhitaji mtu wa kumshika mkono. Kwa Ibn Khaldun mtu huyo alikuwa amiri mmoja aitwaye Altunbugha al-Jubani, aliyemwingiza kwa sultani. Sultani mwenyewe ni al-Zahir Barquq, na alikuwa amekalia kiti siku kumi tu kabla ya jahazi ya Ibn Khaldun kufika Iskandaria. Naye pia alikuwa mgeni: Mcherkesi, aliyeletwa Misri akiwa mtumwa wa kununuliwa, akapanda daraja baada ya daraja mpaka akawa mfalme. Akamkaribisha Ibn Khaldun, akamliwaza katika ugeni wake, na akamtilia posho katika fungu lake la sadaka kama alivyowafanyia wanavyuoni wengine.

Sasa alikuwa na pa kulala na chakula na majilisi, lakini hana aila. Alitaraji kuwa watamfuata. Sultani wa Tunis akawazuia wasisafiri, kwa hila ya kuwa watu wake wakibaki huko mwenyewe atalazimika kurudi. Kila aliyekwenda Uarabuni kwa kazi akawaacha mke na watoto Mombasa, akawa anangoja karatasi zao mwezi baada ya mwezi, analijua jambo hili bila ya kuelezwa. Tofauti ni kwamba Ibn Khaldun karatasi zake zilikuwa mkononi mwa mfalme aliyekuwa akimtaka yeye mwenyewe. Akamwomba Barquq amwombee, na Barquq akaandika barua kwa sultani wa Tunis kutaka watu wale waachiwe.

Mwanzoni mwa mwaka 786, yaani 1384, palikuwa wazi pahala pa mwalimu wa fiqhi ya Kimaliki katika madrasa iitwayo al-Qamhiyya. Madrasa hii ilijengwa na Salahuddin al-Ayyubi karibu na msikiti wa Amru bin al-As, na jina lake limetokana na ngano, kwa kuwa wakfu wake ulikuwa na mashamba katika Fayyum ambayo ngano yake ikigawiwa walimu na wanafunzi. Barquq akampa Ibn Khaldun kazi hiyo, na siku ya darasa la kwanza akawatuma maamiri wakubwa wahudhurie kwa kumtukuza. Mgeni akasimama mbele ya mabwana wa nchi na wanavyuoni wa mji, akatoa khutba aliyoitayarisha, akaisherehesha ilimu na akaushukuru ufalme uliomlea. Majilisi yakavunjika hali ya kuwa watu wanamtazama kwa macho ya heshima.

Lau mambo yangalisimama hapo, pengine angaliishi Misri kwa salama, mwalimu miongoni mwa walimu. Lakini mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule sultani alimkasirikia kadhi mkuu wa Kimaliki akamwondoa, akamteua Ibn Khaldun badala yake. Alijitahidi kukataa, sultani hakukubali. Akavishwa joho la heshima ngomeni, kisha akapelekwa akakalishwa katika madrasa ya al-Salihiyya, baina ya kasri mbili, mahali pa hukumu.

Wasomaji watataka kujua kazi hiyo ilikuwaje. Tangu zama za al-Zahir Baybars, mwaka 1265, Misri ilikuwa na makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu. Aliyewatangulia wote kwa cheo alikuwa kadhi wa Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu yetu sisi watu wa Pwani, naye ndiye aliyeangalia mali za mayatima. Kadhi wa Kimaliki alikuwa na mahakama yake na manaibu wake, na chini yao walikuwako mashahidi, yaani wale watu waliotambuliwa kuwa waadilifu, wanaokaa katika vibanda vyao wakiandika hati za kuuziana na kuoana na kukopeshana na kuzishuhudia.

Hao mashahidi ndio alioanza nao. Alikuta wema na waovu wamechanganyika, na kadhi hajui nani ni nani, au anajua na anaogopa kusema, kwani wengi wao walikuwa wakisomesha Kurani katika majumba ya maamiri au wakiwasalisha, na maamiri wakawa ngao yao. Hati za uwongo ziliandikwa, na wakfu zikavunjwa. Mtu akitaka kuuza nyumba ya wakfu iliyowekwa kwa ajili ya maskini alitafuta shahidi wa kuandika na mufti wa kuhalalisha, na akikosa katika madhehebu moja huenda katika ya pili, mpaka mali nyingi za wakfu katika mji wa Kairo zikawa hazijulikani mwenyewe. Ama mamufti, kila mgombaji alirudi na fatwa anayoitaka, na mwenzake akarudi na fatwa ya kuipinga. Wengine walikuwa hawana ilimu kabisa. Na katika hao asiokuwa nayo walikuwamo watu wa kwao Maghribi, waliofika Misri wakajidai kuwa wanavyuoni mahali ambapo hapana awajuaye.

Mgeni mwingine angalisema: mimi sikuja kutengeneza nchi ya watu. Yeye aliwapeleleza mashahidi, akawaadhibu waliothibitika kughushi, akawazuia wajinga wasifutu, na wale wa kwao hakuwaonea haya. Wakubwa walipomletea maombezi katika kesi aliyaacha, akasikiliza hoja ya mwenye haki awe dhaifu au mwenye nguvu. Makadhi wenziwe wakamwona anawaharibia, kwani wao walikuwa na desturi ya kuwaridhisha mabwana katika jambo ambalo sharia haina njia ya wazi.

Basi makelele yakainuka kutoka kila upande. Wakasema hajui istilahi za mahakama za Misri, hajui ada za watu wake, ni mkavu, ana kiburi. Walioadhibiwa wakawachochea wengine wamshitaki kwa sultani, na sultani akawakusanya makadhi na mamufti waichunguze kesi hiyo, akatoka safi. Hilo likawazidishia chuki.

Hapa hatutaki kuficha maneno ya upande wa pili. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye alikutana naye, ameyahifadhi mengi ya kumlaumu: kwamba makadhi walipokwenda kumpongeza hakuwainukia, na kwamba alikuwa mwepesi wa kuwaadhibu watu kwa makofi ya shingo. Walimlaumu pia kwa mavazi, kwani aliendelea kuvaa nguo za Kimaghribi badala ya joho la makadhi wa Misri. Hati yake nayo ilibaki ya Kimaghribi, ile ambayo fa hutiwa nukta chini na qaf nukta moja juu. Rai yetu ni hii: katika haki za watu alikuwa sawa, wala hatuoni kadhi anaweza kufanya vingine. Ama katika kuwainukia watu na mfano wa hayo, mgeni aliyekalia kiti cha watu hapungukiwi na kitu akiwafuata wenyeji katika adabu zao, na huenda baadhi ya maadui wake wasingalikuwa maadui. Lakini mwanafunzi wake al-Maqrizi, naye ni Mmisri, amemsifu sifa ambayo hakumsifu nayo mwingine, kwa hivyo si kweli kwamba nchi nzima ilimchukia.

Katika joto la ugomvi huo ndipo jawabu ya Tunis ilipokuja. Maombezi ya Barquq yalikubaliwa. Aila ya Ibn Khaldun ikaachiwa, wakapakiwa katika jahazi pamoja na mali yake na zawadi ambazo sultani wa Tunis alimpelekea mwenziwe wa Misri. Jahazi ikakata bahari yote ile. Ilipokaribia bandari ya Iskandaria ikapigwa na dhoruba, ikazama.

Katika maandishi yake juu ya maisha yake mwenyewe tukio hili amelitaja kwa maneno machache mno, kwamba mali na nyumba na watoto vilikwenda pamoja, na msiba ukawa mkubwa, na hamu ya kuiacha dunia ikamzidi. Mtu aliyeandika majuzuu juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola hakuwa na zaidi ya mistari michache juu ya hili. Nasi hatutathubutu kumwongezea. Twasema tu kwamba yeye ndiye aliyeomba waletwe.

Alitaka kujiuzulu. Mtu aliyemtaka shauri alimwonya kuwa kufanya hivyo ni kumkasirisha sultani, basi akabaki kati ya kiti asichokitaka na hofu ya kukiacha, akihukumu asubuhi na kurudi jioni katika nyumba aliyoitayarisha kwa watu wasiofika. Mwezi wa Juni 1385, kabla haujatimia mwaka wake wa kwanza katika ukadhi, sultani alimpumzisha akamrudisha yule aliyemtangulia. Alishukuru, na tunaona alishukuru kweli.

Yaliyobaki ni marefu na tutayafupisha. Hakurudi Tunis. Alisomesha katika madrasa mpya ya Barquq, akahiji mwaka 1387, akarejea Kairo, akasomesha Muwatta wa Imam Malik katika madrasa ya Sarghatmish, akasimamia khanqa ya Baybars kwa muda mpaka fitina ya mwaka 1389 ilipomtia mashakani na Barquq. Alikuwa na shamba katika Fayyum, na huko ndiko alikoitwa mwaka 1399 arudi katika ukadhi, baada ya miaka kumi na minne ya kukaa nje yake. Akapewa, akaondolewa, akapewa tena. Mwanzoni mwa mwaka 1401 aliteremshwa kwa kamba kutoka katika ukuta wa Damascus kwenda kuonana na Timur aliyeuzingira mji, na hiyo ni kisa peke yake.

Kila aliporudishwa katika ukadhi alirudi na mwendo ule ule, na kila mara waliinuka wa kumwondoa. Mara ya sita aliteuliwa katika Shaabani 808, na mwezi uliofuata, katika siku za mwisho za Ramadhani, tarehe 17 Machi 1406, akafa ghafula hali angali kadhi. Alikuwa amekaa Misri miaka ishirini na mitatu. Alizikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr, na kaburi lake leo halijulikani lilipo.